Faki Vali, Mimi Chupa

Jumatatu, 12 Mei 2025

Leo nimenyang'anywa kiti. Kiti nilichokiunda kwa mikono yangu mwenyewe! Mvule mtupu, mahali pa kuweka viwiko, mgongo wa kuegemea. Kimekaa nje ya duka la Faki hapa Komarock miaka sita, kwenye kona tunapocheza drafti jioni. Sheria ya kona inajulikana. Aliyeshinda hukalia kiti, wengine hukalia kreti za soda. Kwa hiyo kiti ni changu, isipokuwa siku chache ambazo Faki huiba vifuniko vyangu vya soda ubaoni nikipiga chafya.

Nimetoka kazini Gikomba, vumbi la mbao limejaa hadi kwenye kope, nakuta Faki amekikalia. Mto chini, mto mgongoni. Nikamkumbusha kwamba hajanishinda tangu Pasaka. Kabla hajafungua mdomo, Odera, katibu wa kamati yetu ya mtaa, akanivuta shati. Akanong'ona, "Mzee Shitanda, wacha ubishi bana. Moyo wa huyu jamaa uko na shida. Ukimstua utatuulia mtu."

Kumbe wiki jana Faki aliishiwa na pumzi kwenye ngazi. Akapelekwa hospitali, moyo ukapigwa picha, vali moja ikaonekana imechakaa. Vali ni kama mlango mdogo ndani ya moyo: damu ipite, isirudi. Mlango wa Faki umekaza, haufunguki vizuri. Lazima ubadilishwe.

Nilimhurumia. Nilimhurumia dakika kumi nzima. Kisha Odera akataja tangi jipya la maji, ambalo kamati ilikuwa imeshaamua likae kando ya mlango wangu. Faki akasema kwa sauti ya mgonjwa kwamba yeye angependelea likae kando ya wake. Hakuna aliyebisha. Mtu mwenye moyo mbovu habishiwi. Tangi limekwenda kwake.

Mimi nakohoa mwaka wa pili huu. Kifua kinapiga filimbi kama birika. Hakuna aliyewahi kuniletea hata ndizi moja. Huniambia tu nikohoe nikiangalia upande ule.

Keshokutwa naenda kliniki. Haiwezekani nikose kitu kikubwa.

Jumatano, 14 Mei

Kliniki. Nikapangiwa daktari Nasambu, dada kijana kutoka Bungoma, mwenye adabu na macho makali. Akanipa kibomba chenye namba nipulize. Nikapuliza polepole, ili namba isikitishe. Akanitazama. Akasema, "Mzee, sasa puliza kwa ukweli." Nikapuliza kwa nguvu zangu zote.

Namba ilikuwa ileile.

Nilishtuka kidogo. Sitaki kuandika zaidi kuhusu hilo.

Akaniambia ni pumu, na vumbi la mbao linaichochea. Nikiendelea hivi, njia za hewa zitazidi kuwa nyembamba, na nyingine hazitarudi kama zamani. Akaniwekea njia mbili mezani. Ya kwanza ndiyo ninayoifuata: nisubiri nibanwe, nikimbilie duka la dawa nichomwe sindano, nimeze vidonge vikali. Hufungua kifua upesi, lakini ukivizoea vinakula mifupa na kupandisha sukari, na mbano unaofuata uko palepale unakungoja. Ya pili ni inhela. Ya kahawia kila asubuhi na jioni, hata nikijisikia mzima. Ya bluu ya dharura. Tena barakoa kazini, na msasa nipigie nje kwenye upepo.

Nikauliza kama hakuna njia ya tatu. Nilikuwa nimeona mashine ya mvuke pale kwenye korido, ina bomba refu na kinyago cha plastiki. Kitu kama kile kingekaa vizuri sebuleni kwangu, karibu na dirisha, wapita njia wakione. Akasema kwa hali yangu inhela ikivutwa kupitia chemba hufanya kazi ileile. Nikakubali. Chemba! Neno lina uzito.

Muuguzi akaenda kuleta chemba. Akarudi na chupa ya soda. Ya machungwa, nusu lita, karatasi yake bado imebandikwa. Akatoboa tundu kwenye kitako kwa waya wa moto, akachomeka inhela, akazungushia plasta. Akanipa kwa mikono miwili kana kwamba ananivisha nishani.

Yaani Faki anasubiri vali kutoka ng'ambo. Mimi nimepewa takataka ya sherehe ya watoto.

Mke wangu Khavere ameiosha na kuianika pamoja na vikombe. Ameuliza kama nilimshukuru muuguzi. Nimeivuta jioni hii bafuni, mlango nimefunga kwa komeo. Kifua kimefunguka, nakiri. Lakini hilo si jambo la kusema hadharani.

Alhamisi, 15 Mei

Makubwa. Faki ameambiwa achague vali mwenyewe. Ya chuma, au ya ng'ombe.

Ya chuma haichakai, lakini atameza dawa ya kulainisha damu isigande maisha yake yote, na damu ipimwe mara kwa mara. Ya ng'ombe haidai dawa hiyo maisha yote, lakini baada ya miaka kumi au kumi na tano huweza kuchoka, afunguliwe kifua upya. Madaktari wamesema zote ni nzuri. Inategemea yeye anaishi vipi.

Kona imegawanyika kama siku ya uchaguzi. Odera yuko upande wa chuma. Shamso, muuza mboga wetu, yuko upande wa ng'ombe, kwa sababu amesikia mwenye chuma lazima ale sukuma wiki kwa kipimo kimoja kila wiki, asikose leo akala mlima kesho, la sivyo dawa inavurugika. Akasema mtu wa Nairobi kupimiwa sukuma wiki ni dhuluma.

Kisha Odera akaleta habari iliyonichoma. Vali ya chuma hulia. Tik, tik, tik, kama saa. Chumba kikitulia, hata jirani yako husikia. Watu wote wakashusha pumzi kwa heshima. Shamso mwenyewe akayumba akaanza kuelekea upande wa chuma.

Nikaiona kesho yangu yote. Faki analia kama saa, mtaa mzima umepanga foleni kumsikiliza. Nitashindana na nini? Na chupa?

Tena hakuna aliyeniuliza! Miaka thelathini nachagua mbao. Najua kinachooza, kinachopinda, kinachodumu. Muuza mboga ameulizwa, fundi hajaulizwa. Nikasimama bila kuulizwa. Nikahutubia kuhusu ngozi ya ng'ombe: viatu, ngoma, makochi ya kwangu ya mwaka elfu mbili na tatu ambayo hadi leo yanakaliwa. Nikasema ng'ombe tu, hakuna mjadala. Sikusema sababu, kwamba ng'ombe hatoi sauti.

Faki alinisikiliza kwa makini sana, na hilo lilinikosesha raha.

Wakati naondoka, mkewe Lela akatoka dukani amejifunga leso. Imeandikwa Hasidi Hana Sababu. Khavere anasema Lela anayo leso hiyo tangu Idi ya mwaka juzi. Sawa. Mbona aifunge leo?

Jumamosi, 17 Mei

Siku ya ushindi. Nimeunda chemba yangu.

Nilikuwa na kipande cha mvule kilichobaki kwenye kitanda cha bwana harusi mmoja. Nikakikata nusu mbili, nikakichimba ndani kwa patasi, nikaunganisha kwa gundi, nikapiga msasa hadi kikateleza kama sabuni. Umbo la chupa, lakini lenye kiuno. Pete ya shaba mdomoni. Vanishi mikono miwili, tabaka juu ya tabaka, nje na ndani. Hasa ndani. Kitu kizuri hupakwa hadi ndani.

Khavere ameuliza kama nimemwuliza daktari. Nimemjibu daktari anajua mapafu, hajui mbao. Akasema, "Baba Triza, kinyozi hajinyoi." Akaendelea kuchambua mchele. Mke wangu hana jicho la sanaa.

Bado inanata kidogo. Nimeianika dirishani. Kesho baada ya ibada naipeleka kwenye kona. Tuone nani ataangalia moyo wa Faki.

Jumatatu, 19 Mei

Naandika nikiwa kitanda cha hospitali.

Jana kona ilijaa vizuri. Khavere alikuwa amebaki kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, kwa hiyo hakuwepo wa kunizuia. Nikatoa chemba ndani ya taulo. Watu wakashangaa. Odera akauliza kama ni mchi wa kutwangia kitunguu. Nikampuuza. Nikachomeka inhela ya kahawia, nikabonyeza, nikavuta pumzi ndefu kuliko zote nilizowahi kuvuta, ili hata walio nyuma waone.

Kilichoingia ni vanishi. Vanishi, na unga wa msasa, na labda dawa kidogo iliyopotea njia.

Kifua kikajifunga. Si kama siku nyingine. Nilivuta, hakuna kitu. Nikavuta tena, sauti nyembamba kama ya kitoto cha paka. Niliona nyuso zote zimeniangalia, kama nilivyotaka, na sikutaka tena. Niliogopa. Nilijua nakufa kwa ajili ya kipande cha mbao, na Faki angeombwa kusema machache mazishini.

Faki ndiye aliyeinuka. Mtu aliyekatazwa kunyanyua hata kilo mbili za unga. Akanikalisha kwenye kile kiti. Akaingia dukani, akachukua soda ya machungwa, akaimwaga chini, akatoboa kitako kwa kisu cha mkate kama Khavere alivyomsimulia Lela. Akatoa inhela ya bluu mfukoni mwangu, akaichomeka, akanishikia chupa mdomoni. Akanihesabia. Vuta, moja mbili tatu. Toa. Midomo yake ilikuwa imekuwa ya kijivu. Alihesabu hadi Odera akaleta gari.

Hapa hospitali wameniweka kwenye mashine ya mvuke. Bomba refu, kinyago, kila kitu. Na hakuna hata mtu mmoja wa Komarock aliyeiona! Wageni wamefika nikiwa nimeshatolewa kwenye mashine. Walipitia kwanza kwa Faki, kumpongeza na kumwangalia moyo baada ya mshtuko. Kwangu wamefika na ndizi nne. Chane ilikuwa nzima walipotoka nyumbani, Odera mwenyewe amekiri.

Lela naye amekuja. Leso ya leo: Mchimba Kisima Huingia Mwenyewe. Nimejifanya nimelala.

Daktari Nasambu, ambaye kliniki yake iko humuhumu, ameigeuza chemba yangu mkononi, akainusa, akafumba macho. Ameomba abaki nayo awaonyeshe wanafunzi. Nilijivuna mpaka aliponiambia anafundisha somo gani.

Jumatano, 21 Mei

Niko nyumbani. Jioni Faki amekuja, polepole, amepumzika mara mbili njiani na ni mlango wa tatu tu. Nilidhani amekuja kushukuriwa. Nikaanza hotuba fupi. Akainua mkono.

Akasema anaogopa. Jumanne anapasuliwa, na kesho lazima awape jibu, chuma au ng'ombe. Lela hawezi kuzungumza naye, akianza tu analia. Kwenye kona wanashangilia kama mpira. Wote wanaitikia anachosema, hata akisema upuuzi, na mtu anayeitikiwa kila kitu anajiona kama ameshazikwa. Kisha akasema, "Shitanda, wewe peke yako ndiye bado unanibishia. Hebu nibishie."

Akatazama chupa yangu pale kabatini. Akasema angeweza, angebadilishana nami leo hii. Kifua kisipasuliwe, chupa ya soda asubuhi na jioni, basi. Ananionea wivu! Faki, mimi! Nilitaka kufurahi, furaha ikakataa kuja.

Neno ng'ombe lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Ningelitamka tu, angelichukua. Alilala na hotuba yangu ya ngozi siku sita, amenieleza mwenyewe. Nikafikiria ile tik, tik, tik, na foleni mlangoni kwake. Nikafikiria pia vile alivyonihesabia.

Basi nikamhoji kama ninavyomhoji mteja wa kochi. Litakaliwa na nani, miaka mingapi, nani atalitunza. Akajibu ana ujasiri wa kupasuliwa mara moja tu, hana wa mara ya pili akiwa mzee. Kupimwa damu si shida, maabara iko hapo barabarani. Vidonge, Lela hajawahi kusahau hata dawa ya minyoo. Kazi yake ni kupima sukari na mchele, si kuchinja, hajikatikati ovyo akavuja damu. Na sukuma wiki, viganja viwili, siku zilezile, atazoea.

Nikamwambia, "Basi umeshajijibu, ndugu yangu. Ni chuma. Waambie madaktari maneno hayohayo, usikie watasemaje."

Uso wake ukalegea kama mtu aliyetua gunia. Akanishika mkono kwa muda mrefu.

Ameondoka, na ndiyo sasa naelewa nilichofanya. Nimempa saa ya kifuani kwa mdomo wangu mwenyewe. Mjinga wewe, Shitanda!

Jumanne, 27 Mei

Faki yuko chini ya kisu tangu asubuhi. Madaktari walikubaliana naye, chuma.

Nimekwenda Gikomba. Nimekata mguu mmoja wa kochi mfupi, nikakata mingine mitatu ilingane nao, nikakosea tena. Mteja akija atakuta mkeka. Nikafunga kazi saa sita, nikarudi kwenye kona. Duka limefungwa. Watu wapo, hakuna anayecheza. Kiti kitupu. Odera akaniambia nikae, ni changu siku zote.

Sikuweza. Nimekaa kwenye kreti.

Nilifikiri, Faki asiporudi nitamshinda nani? Odera hajui hata kula vifuniko viwili kwa mkupuo. Na nitamwonea nani wivu? Wivu wa miaka sita hauhamishwi tu kwa mtu mwingine kama kuku. Kifua kikaanza kubana. Nikatoa chupa mbele ya wote, kwa mara ya kwanza, karatasi yake ya machungwa na yote. Nikavuta. Hakuna aliyecheka. Shamso alinishikia kofia.

Saa kumi Lela akampigia Khavere. Ametoka. Moyo unapiga.

Macho yamenitoka machozi, ni vumbi la mbao. Khavere anasema nilikwishaoga.

Jumamosi, 14 Juni

Faki amerudi nyumbani juzi. Leo tumeruhusiwa kumwona. Foleni imeanzia mlangoni kwake hadi kwenye tangi, lile ambalo lingekuwa kwangu.

Nikapewa zamu. Nikaweka sikio kifuani, mbali na kidonda. Tik. Tik. Tik. Sawasawa, imara, hakuna kulegea. Nikamwambia kwa ukweli wa moyo wangu, hiyo ni kazi safi, imefungwa vizuri. Akacheka akajishika mbavu. Akawatangazia wote waliokuwemo kwamba mimi ndiye niliyemsaidia kuchagua. Wakanigeukia. Lela akanipa haluwa kubwa kuliko ya Odera. Leso yake leo ilikuwa maua matupu, hakuna maandishi, nimeikagua mbele na nyuma.

Nimekuwa mtu maarufu kama robo saa. Kisha Khavere akasema moyo wa Faki unakwenda vizuri kuliko saa yetu ya ukutani. Ile saa niliitengenezea fremu mimi.

Jumamosi, 28 Juni

Jana kliniki. Nimepuliza kibomba, kwa ukweli tangu mwanzo. Namba imepanda sana. Daktari Nasambu amefurahi. Ameniambia ni ile chupa, na barakoa, na kutoruka hata siku moja. Amesisitiza: chupa ileile, mzee, usiiboreshe.

Leo jioni Faki amenirudishia kiti. Mbele ya watu! Amekipangusa kwa mkono wake, akasema sheria ya kona ni sheria, yeye hajanishinda tangu Pasaka. Nikakaa. Nikaegemea. Nikaweka viwiko mahali pake. Nimengoja wakati huu wiki saba.

Faki akasema yeye hakihitaji tena, madaktari wamemwagiza atembee kila jioni. Akafunga kamba za viatu. Odera akasema atamsindikiza na kumpimia dakika. Shamso akaacha mboga zake. Mmoja baada ya mwingine wakainuka kwenye kreti. Khavere akapita na raba miguuni, raba ambazo sijui alizinunua lini. Wakaondoka wote kuelekea Barabara ya Kangundo, Faki mbele, wanamsikiliza anavyolia.

Faki amegeuka mara mbili kuniita. Kifua kinaniruhusu, daktari alisema nitembee. Nimemwambia nina kazi.

Nimebaki na kiti, kreti tisa, na chupa ya soda ya machungwa. Wanacheka huko mbali, nasikia hadi hapa.

Nimekumbuka kile kitanda cha bwana harusi. Kuna kipande kingine cha mvule kilichobaki.

Safari hii sipaki vanishi. Nitapaka rangi.